Jongoo na silaha zake za kikemikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila masika yanapoanza, simu yangu hujaa picha. Vidole vya mtoto vilivyobadilika rangi, shingo yenye mchirizi wa malengelenge, mdudu aliyepondwa kiasi kwamba hata mamaye asingemtambua. Wanaozituma ni wanafunzi niliowafundisha baiolojia, majirani, na watu waliopewa namba yangu na majirani. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nitatumia neno "mdudu" kama tunavyolitumia nyumbani, ingawa darasani jongoo si mdudu hasa. Yeye, nge, buibui na mbawakawa wote wako katika kundi kubwa la athropoda, wanyama wenye gamba la nje na miguu yenye viungo.

Jongoo anauma?

Haumi. Kinywa chake kimeumbwa kutafuna majani yaliyooza na magome laini, na hana mwiba popote mwilini. Anayeuma ni tandu, na wengi huwachanganya. Tandu ni bapa, mwepesi, hukimbia huku akijipindapinda, na ana jozi moja ya miguu katika kila pingili. Jongoo ana jozi mbili katika pingili zake nyingi, naye akitembea miguu yake huonekana kama wimbi linalopita taratibu ubavuni. Ukimgusa hakimbilii mbali wala hakurukii, hujiviringisha kama kata ya kubebea ndoo na kutulia. Watu huuona ule utulivu wakadhani hana la kufanya, kumbe hapo ndipo silaha zake zinapoanza kazi.

Kama haumi, mbona vidole vya mwanangu vimekuwa vyeusi baada ya kumkanyaga?

Hili naliweza kwa sababu lilinikuta nyumbani kwangu. Mwanangu alikuwa na miaka saba. Viatu vya shule vililala barazani usiku wa mvua, asubuhi akavivaa mbiombio, akafika getini akaanza kulia. Nilipovua soksi nikakuta jongoo amepondeka penye ncha ya kiatu, na harufu inachoma pua kama jiki. Vidole viwili vilikuwa na rangi ya manjano. Saa sita mchana vilikuwa kahawia, jioni vikawa rangi ya zambarau iliyoiva. Tulipofika kituo cha afya, muuguzi alituuliza kama mtoto alifungwa kamba au alibanwa na mlango, kisha akaniuliza mimi peke yangu mara ya pili. Sikumlaumu. Kidole cheusi namna ile kinafanana sana na kidole kilichokosa damu, na katika maandiko ya kitabibu wapo watoto ambao doa la jongoo lilidhaniwa kuwa alama ya kipigo.

Kilichotokea ni hiki. Jongoo wa mviringo, wale wakubwa weusi au wa kahawia tunaowazoea, ana safu ya tezi ndogo kila ubavu, kuanzia kwenye pingili ya tano au ya sita hadi karibu na mkia. Kila tezi hutokea nje kwa kitundu kidogo kama kilichotobolewa na ncha ya sindano. Akibanwa hukamua majimaji yenye kemikali ziitwazo benzokwinoni. Hizo huunguza kidogo, hunuka vikali, na jambo kubwa zaidi, huungana na protini za ngozi. Ndiyo maana doa halitoki kwa sabuni wala kwa msasa.

Akina mama wa pwani wataelewa haraka nikiwaambia hivi: kiini cha rangi ya hina nacho ni kwinoni, jamii moja na kemikali ya jongoo. Hina nayo huanza na rangi ya chungwa kisha ikakolea siku ya pili, nayo huishika ngozi hata uisugue vipi, ikaondoka tu ngozi ya juu inapochakaa na kubadilishwa na mpya. Doa la jongoo huondoka kwa njia hiyohiyo, kwa wiki kadhaa na mara nyingine kwa miezi. La mwanangu lilimaliza wiki tano.

Namna ya kutofautisha: kidole chenye doa la jongoo bado kina joto, mtoto anahisi ukikigusa, na ukibonyeza ukucha damu inarudi. Kidole kikiwa cha baridi, kimekufa ganzi au kinavimba kwa kasi, hilo ni jambo jingine. Usisubiri, nenda hospitali.

Nifanye nini mara tu majimaji yakinigusa?

Osha kwa maji mengi na sabuni, mara moja, kabla kemikali haijashika. Usikamulie ndimu, usipake mafuta ya taa. Kama ngozi imechubuka au imetoa malengelenge, itunze kama jeraha la kuungua.

Jicho ndilo la kuogopa. Baadhi ya jongoo wakubwa wa nchi za joto hawatoi tone tu, hurusha mchirizi unaoweza kwenda zaidi ya nusu mita, na mtoto humkagua jongoo kwa kumsogezea uso. Majimaji hayo yanaweza kuchubua kioo cha jicho. Mlaze mtoto ubavu, jicho lililoathirika likiwa chini, mimina maji safi yatiririke juu ya jicho lililofunguliwa kwa dakika 15 hadi 20, halafu apelekwe kwa daktari wa macho hata kama maumivu yamepungua. Maziwa ya mama, ambayo bado nasikia yanashauriwa, hayana nafasi hapo.

Ule usemi wa kutupa jongoo na mti wake una uhusiano na sumu hii?

Naamini hivyo kabisa. Leo tunausema tukimaanisha kuliondoa jambo baya pamoja na kila kilicholigusa, lakini picha yenyewe imetoka kwa mtu aliyewahi kumwinua jongoo kwa kijiti. Jongoo huyo hukamua majimaji yake kwenye kijiti. Ukimtupa ukabaki na kijiti mkononi, kisha ukafikicha jicho, utakumbuka siku hiyo. Waliousema kwanza hawakuwa na neno benzokwinoni, lakini walijua kuwa silaha ya jongoo hubaki baada ya jongoo kuondoka. Kwangu huo ni uchunguzi wa kisayansi uliohifadhiwa katika maneno machache.

Jina lenyewe nalo limesafiri. Zambia wanasema chongololo, Afrika Kusini shongololo. Ukilisikia utajua ni ndugu wa jongoo wetu.

Nilimshika jongoo mdogo bapa, mkono ukanukia lozi. Kwa nini?

Huyo ni wa kundi lingine, lenye mgongo bapa na pingili kama 20 tu. Wengi huishi chini ya majani makavu. Yeye hatumii benzokwinoni, anatumia sianidi.

Usishtuke, maana hata wewe unalijua jambo hili kwa upande wa jikoni. Muhogo mchungu ukiwa mzima haumwagi sianidi hovyo. Ndani ya chembe zake kuna sukari iliyobeba sianidi, na pembeni, nyuma ya ukuta, kuna kimeng'enya cha kuivunja. Ukiukwangua au kuutwanga, ukuta unapasuka, viwili vinakutana, na sumu inatoka. Ndiyo sababu tunauloweka, tunauanika na kuuacha upumue kabla ya kusaga unga.

Jongoo bapa amejenga kitu kilekile mwilini mwake. Kila tezi yake ina vyumba viwili. Chumba cha ndani ni ghala la kemikali iitwayo mandelonitrili, iliyotulia. Chumba cha nje, kidogo zaidi, kina vimeng'enya. Katikati kuna vali inayobana. Jongoo akitishwa hulegeza vali, ghala likakamuliwa, mandelonitrili ikapita kwenye chumba cha pili na kuvunjika kuwa viwili: sianidi ya haidrojeni, ambayo ni gesi, na benzaldehidi. Harufu ya lozi uliyoisikia ni ya benzaldehidi, ambayo ndiyo hasa kiini cha arki ya lozi tunayotia kwenye keki. Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake ndio walioichambua tezi hii kwa makini katika miaka ya 1960.

Mtu mzima hafi kwa kumshika jongoo bapa. Lakini ukimfungia pamoja na wadudu wengine ndani ya chupa yenye mfuniko, ukamtikisa, wale wadudu watakufa. Kwa hiyo tafadhali, wanafunzi, kila jongoo chombo chake, na chombo kiwe na matundu.

Kule California kuna jongoo wa kundi hili, wa jenasi Motyxia, ambao hung'aa usiku. Hawana macho, hivyo hawang'ai ili kuonana wao kwa wao. Mwanga huo ni onyo kwa panya na wawindaji wengine wa gizani kwamba kilichopo hapa kina sianidi.

Mbona sumu haimuui mwenyewe?

Kwa jongoo bapa, jibu la kwanza umeshaliona: haiweki ikiwa tayari. Huweka malighafi mahali pawili, na sumu huzaliwa pale mlangoni, ikitoka. Jibu la pili ni kwamba tezi ziko ndani ya mwili lakini kuta zake zimepakwa gamba, lilelile la nje lililozama ndani, hivyo kemikali haigusi nyama.

Na si kila jongoo ana mojawapo ya kemikali hizo mbili. Jongoo wafupi wa Ulaya wanaojikunja kama gololi hutoa glomerini. Buibui akimng'ata mmoja, buibui huyo hulegea, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na akilegea hivyo huwa mawindo ya wengine. Kikemikali, glomerini ni jamaa wa karibu wa ile dawa ya kulevya iliyojulikana kwetu kama mandraksi. Wapo pia jongoo wadogo sana wasio na tezi kabisa, wao hujikinga kwa vinyweleo vyenye kulabu vinavyowafunga siafu na sisimizi miguu.

Kuna mdudu mwingine anayetumia vyumba viwili?

Yupo, naye kwangu ni fundi kuliko wote: mbawakawa mpiga mizinga. Ni mdudu wa ardhini, mara nyingi mwenye rangi za manjano na nyeusi, utamkuta chini ya mawe na magogo karibu na maji. Ghala lake lina mchanganyiko wa haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi, ile ambayo hospitalini hutumika kusafishia vidonda. Chumba cha pili kina kuta nene na vimeng'enya. Vikikutana, mchemko wake ni mkali kiasi cha kufikia nyuzi 100 za Selsiasi, joto la maji yanayochemka, na mvuke ukisukumwa nje husikika "pa!" kwa sikio la kawaida. Kinachotoka ni kwinoni, jamaa zake zile za jongoo, ila hizi zinatoka zikiwa moto.

Mpasuko huo mmoja kwa kweli ni mingi. Eisner na wenzake walimchunguza Stenaptinus insignis, mbawakawa wa Afrika, mwaka 1990, wakakuta mpigo mmoja ni mfululizo wa milipuko midogo ipatayo 500 kwa sekunde. Kati ya mlipuko na mlipuko chumba hupata nafasi ya kupoa na kujaa tena, la sivyo angejipika. Na ncha ya tumbo lake huzunguka, hivyo akibanwa mguu wa mbele kushoto hulenga palepale, hata kwa kupitisha juu ya mgongo wake.

Malengelenge yaliyonitokea shingoni asubuhi, na sikuumwa na chochote usiku, ni ya nini?

Karibu kila mara jibu langu ni yule anayeitwa "Nairobi fly". Si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, hazidi sentimita moja, mwenye kichwa cheusi, kifua chekundu, mabawa mafupi ya buluu inayometa, kisha nyekundu tena na ncha nyeusi. Ukimwona akitembea akiwa amepinda mkia juu utadhani ni sisimizi aliyevaa nguo za sherehe.

Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya damu yake, na hutoka akipondwa. Kwa hiyo aliyejeruhiwa shingoni kwa kawaida alijipiga kofi mwenyewe usingizini. Mwanzo hausikii kitu. Baada ya nusu siku au zaidi ngozi huwaka, ikawa nyekundu, kisha malengelenge kufuata njia kidole kilipopita. Akipondwa kwenye mkunjo wa kiwiko, pande mbili zinazogusana hupata majeraha mawili yanayofanana kama picha na kioo. Ukifikicha jicho, jicho huvimba hadi likafunga.

Cha ajabu ni kwamba pederini haitengenezwi na mdudu mwenyewe. Hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike, jambo lililobainika wazi kwa kazi ya Jörn Piel mwaka 2002. Jike hupitisha bakteria kwa mayai yake, na buibui huwaepuka mabuu wanaotoka katika mayai hayo.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta wadudu hawa kwa wingi Nairobi na sehemu nyingine za Kenya, na wengi wanaikumbuka miezi ile kwa majeraha. Hufuata taa nyeupe kali. Ukimwona juu ya ngozi usimpige, mpulize aruke, au mpandishe kwenye karatasi umtoe nje. Kisha osha mahali alipopita, na shuka pia. Zima taa ya barazani ukienda kulala, shusha chandarua mapema. Shambani, kwa upande wake, mdudu huyu hula mayai na viwavi vya wadudu waharibifu, kwa hiyo simchukii. Namheshimu kwa mbali.

Ni kweli kuna mbawakawa anayeongeza nguvu za kiume?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nitalijibu kwa sauti kubwa: usimeze. Mbawakawa wa malengelenge, wale wenye mistari myekundu au ya manjano juu ya nyeusi wanaokula maua ya kunde na bamia, wana kantharidini. Sifa ya kuamsha hamu inatokana na kuungua kwa njia ya mkojo sumu inapotoka mwilini. Figo huumia, mtu hukojoa damu, na wapo waliokufa. Farasi hufa kwa kula majani makavu yaliyochanganyika na mbawakawa hawa.

Katika mikono ya daktari, na juu ya ngozi tu, kantharidini ni dawa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka yenye kantharidini kwa vipele fulani vya virusi vinavyosumbua watoto. Kati ya mbawakawa wenyewe, sumu hii ni zawadi ya harusi: dume humpa jike wakati wa kupandana, naye huipaka mayai.

Majimoto wanastahili jina lao?

Wanastahili. Wale sisimizi wa rangi ya chungwa wanaoshona majani ya miembe na minazi kwa nyuzi za hariri za mabuu wao, hawana mwiba. Hung'ata, kisha hukunja tumbo na kupuliza asidi fomiki juu ya jeraha walilolifungua. Ndiyo maana inaunguza kama maji ya moto kuliko ukubwa wa meno yao. Zanzibar, miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha kuwa minazi yenye majimoto hupona mdudu anayefyonza vidaka hadi vikapukutika. Mkwezi anawalaani, mwenye shamba anawahitaji.

Asidi hiyohiyo hupulizwa na mbawakawa wakubwa weusi wenye madoa meupe wanaokimbia mchana katika nyika kavu, na hulenga macho. Jangwani Kalahari kuna mjusi ambaye akiwa mtoto ana rangi na mwendo wa mbawakawa huyo, mgongo umepinda, miguu imekakamaa. Akishakua na kutohitaji tena uongo huo, hubadilika rangi akatembea kama mijusi wengine.

Kuna mnyama anayeweza kumla jongoo?

Wapo, na kila mmoja amepata ufumbuzi wake. Ngawa humla bila kujali sana. Nguchiro wenye milia, wale wanaotembea kwa makundi Serengeti na magharibi mwa Uganda, humviringisha jongoo mchangani kwa miguu ya mbele hadi majimaji yamwishe, ndipo humla. Ukiona kundi linachakura na kusugua kitu ardhini kwa bidii, tulia utazame.

Florida kuna buu wa mbawakawa, Phengodes, anayejizungushia kwenye shingo ya jongoo, akamng'ata chini ya kichwa na kumdunga majimaji ya kupooza. Jongoo hulegea kabla hajafungua hata tezi moja. Buu humla kwa ndani, akaacha pete za gamba zimepangana, na tezi zikiwa bado zimejaa. Afrika Kusini wapo mbawakawa wa jamii ya waviringisha mavi walioacha mavi kabisa, na wanaofuata harufu ya kwinoni kumtafuta jongoo aliyejeruhiwa. Kengele ya kuwafukuza maadui imekuwa mwaliko wa chakula.

Wengine hawamli, wanamtumia. Nyani wadogo wa Venezuela waitwao kapuchini humkamata jongoo msimu wa mvua, mbu wanapozidi, wakajisugua naye mwili mzima na kupokezana. Benzokwinoni zimejaribiwa na kuonekana kufukuza mbu. Lemuri wa Madagaska nao humtafuna kidogo hadi mate na majimaji vitoe povu la rangi ya chungwa, kisha hujipaka, na watafiti wanadhani wanajitibu minyoo. Tafadhali usijaribu: wao wana manyoya, na hata hivyo wakati wa kujipaka hudondokwa mate na kufumba macho.

Na watu?

Wabobo wa Burkina Faso huwala. Huwachemsha, huwaanika juani, kisha huwatia kwenye mchuzi wa nyanya. Hiyo ndiyo jamii inayojulikana vizuri kwa hilo, na maandalizi yao ni ya watu wanaojua wanachofanya.

Jongoo bahari naye yumo humu?

Jina tu. Jongoo bahari ni ndugu wa kiti cha pweza na urchini wa baharini, si athropoda, ingawa naye ana kemikali zake, saponini zinazotoa povu na kudhuru samaki. Wanaomfuga Unguja wanamjua kuliko mimi.

Jongoo anaharibu mazao?

Kwa sehemu kubwa anajenga. Anasaga majani makavu kuwa mbolea, na kinyesi chake ni udongo mzuri. Lakini sitaficha upande wa pili: kaskazini mashariki mwa Uganda wakulima wamepata hasara kwa jongoo wanaokula marando ya viazi vitamu yaliyopandwa punde, na karanga changa. Shida huwa kubwa pale viazi vinapofuatana na viazi msimu baada ya msimu, au vinapopakana na shamba la zamani. Kubadilisha mazao na kuondoa mabaki husaidia.

Wameingia ndani kwa wingi. Nipulizie dawa?

Sioni haja. Wanaingia kwa sababu udongo umejaa maji, na ndani watakufa kwa ukavu. Fagio na kizoleo vinatosha. Ziba upenyo chini ya mlango kwa kitambaa, sogeza majani na kuni mbali na ukuta, na kung'uta viatu kila asubuhi. Hilo la viatu kwetu sasa ni sheria.

Japani wana jongoo wanaotoka milimani kwa wingi kila mwaka wa nane, wakafunika reli hadi treni zikateleza na kusimama. Kwetu jongoo wanane au kumi sebuleni si janga.

Aina ngapi zipo, na wakubwa wetu ni wakubwa kweli?

Zaidi ya 12,000 zimeshapewa majina. Jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki, Archispirostreptus gigas, hupita sentimita 30 na ana miguu kama 256. Mwenye miguu mingi kuliko wote alitangazwa mwaka 2021 kutoka Australia, miguu 1,306. Lakini utajiri wetu uko milimani. Katika Udzungwa na milima mingine ya Tao la Mashariki, Henrik Enghoff wa Denmark amekuwa akieleza aina baada ya aina ambazo haziko pengine popote duniani. Baadhi huishi kwenye mlima mmoja tu. Msitu huo ukikatwa, tezi hizo na kemikali zake hazitaonekana tena na mtu yeyote.

Naweza kuliona tone lenyewe bila kuumia?

Unaweza, na ningependa kila mtoto alione mara moja. Chukua karatasi nyeupe, umpandishe jongoo juu yake kwa kijiti. Miwani machoni, uso mbali. Mguse taratibu ubavuni kwa ncha ya kijiti, usimbonyeze. Atajiviringisha. Subiri. Kwenye kila pingili, chini kidogo ya mstari wa katikati ya ubavu, kitatokea kishanga cha manjano, kimoja baada ya kingine, kama shanga zilizotungwa. Vingine hugusa karatasi. Mwache ajikunjue mwenyewe, atembee, umrudishe chini ya majani, na kijiti ukitupe.

Karatasi niliyoitumia na darasa la kidato cha pili miaka minne iliyopita bado ninayo kwenye droo. Vishanga vilikauka siku ileile vikawa kahawia, nukta kumi na moja kwenye upinde, na havijafifia.